Miezi minne ya Erlang na wiki tatu zilizoyeyuka

Swali lililonipotezea muda kuliko yote tangu nianze kujifunza kuandika programu lilikuwa fupi tu: WhatsApp imeandikwa kwa lugha gani? Niliuliza nikiwa sijawahi kuandika hata programu ya kujumlisha namba mbili. Jibu lilikuja ndani ya dakika moja, Erlang, nami kwa akili ya mtu anayetaka kufika bila kutembea nikasema basi, hiyo hiyo. Kama iliwabeba wao, itanibeba na mimi.

Ikanichukua miezi minne. Jioni baada ya kazi, Jumamosi nzima, na Jumapili niliyokuwa nimeahidi kupumzika.

Nisieleweke vibaya, Erlang ni lugha nzuri. Ilizaliwa ndani ya kampuni ya Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya kuunganisha simu, mitambo ambayo huwezi kuizima ili uirekebishe. Ndiyo maana programu zake hujengwa kwa michakato midogo midogo isiyochangia kumbukumbu; mmoja ukianguka, mwingine unauwasha upya, na watu wanaoongea kwenye laini nyingine hata hawajui kama kuna kilichotokea. WhatsApp ilikuwa na shida ya sura hiyo hiyo: watu wengi mno walioshikilia muunganisho kwa wakati mmoja, kila mmoja akituma vineno vichache. Facebook ilipotangaza kuinunua mwaka 2014, ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 kwa mwezi, na wafanyakazi takriban 55 tu. Namba hizo nilizikariri kama beti za shairi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Erlang ilikuwa upande wa seva. Ile WhatsApp niliyoishika mkononi, yenye vitufe na alama za tiki, ilikuwa kitu kingine: kwenye Android iliandikwa kwa Java, kwenye iPhone kwa Objective-C. Wiki ya sita bado nilikuwa natafuta namna ya kuchora kitufe cha simu kwa Erlang. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwishowe programu yangu ya kuchati ikapata watumiaji 11, na wanne kati yao walikuwa mimi mwenyewe kwa majina tofauti.

Aliyenitoa huko ni dada mmoja aliyenitangulia katika kazi hii. Nilimwonyesha kodi yangu (simaanishi ile ya nyumba) nikitarajia sifa. Akaitazama, akacheka kidogo, akasema, "Mdogo wangu, umekodi meli kuvuka mfereji." Halafu akaniuliza maswali ambayo hadi leo nayauliza kabla sijagusa lugha yoyote. Programu itakaa wapi: ndani ya kivinjari, kwenye simu, au kwenye seva? Nani ataitunza siku ukichoka? Na ukikwama saa nane usiku, kuna watu wangapi waliokwama hapo hapo kabla yako?

Sikuwa na jibu hata moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za programu kubwa kwa jicho jingine. Facebook ilianza mwaka 2004 kwa PHP kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi mwa mwanafunzi aliyeianzisha, tena ilikuwa rahisi kuipandisha kwenye seva. Ilipokua, PHP ikawa nzito. Badala ya kuitupa, wahandisi wake wakatengeneza chombo cha kuigeuza kuwa C++, wakakitangaza mwaka 2010, kisha mwaka 2014 wakaleta lugha yao wenyewe, Hack, inayofanana na PHP lakini kali zaidi kuhusu aina za data. Twitter ilianza mwaka 2006 kwa Ruby on Rails, ikawa maarufu pia kwa kuanguka mara kwa mara, na baadaye sehemu kubwa ya mitambo yake ikahamishiwa Scala na Java. Instagram ilianza na Python na fremuweki ya Django, na haikuiacha ilipokua. Minecraft, mchezo ambao watu wengi hudhani lazima uwe na C++ ndani yake, ulianza kwa Java. Toleo la kwanza la Photoshop kwa sehemu kubwa lilikuwa Pascal.

Ukiyapanga majibu hayo pamoja unaona hayafundishi lugha ipi ni bora. Yanasimulia nani alikuwa pale, alijua nini, na shida ipi ilimkuta baadaye. Mimi niliichukua historia ya watu wengine nikaifanya ratiba yangu ya masomo.

Isitoshe, "imeandikwa kwa lugha gani" ni swali linalodhani jibu ni moja. Python unayoiandika inaendeshwa na programu ambayo yenyewe imeandikwa kwa C. Kihariri ninachokitumia kila siku, Visual Studio Code, kimeandikwa kwa TypeScript, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript, kikakalia juu ya Electron, ambayo ndani yake kuna injini ya kivinjari iliyoandikwa kwa C++. Nilijua hilo baada ya mwaka mzima wa kuidharau JavaScript na jamaa zake mbele za watu, huku kila herufi ya dharau hiyo nikiiandika ndani ya programu iliyojengwa kwa hao hao jamaa zake.

Basi nikaanza upya na JavaScript, kwa sababu nilichotaka kutengeneza kilikuwa cha kukaa ndani ya kivinjari, na kivinjari hakina lugha nyingine kinachoizungumza kwa kiwango hicho. Kama ningetaka programu ya Android ningechukua Kotlin, ambayo Google ilitangaza kuiunga mkono mwaka 2017 na miaka miwili baadaye ikasema ndiyo inayoipa kipaumbele. Kwa iPhone ningechukua Swift. Kwa kuchambua data, Python. Na vyovyote ambavyo ningechagua, nisingekwepa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Hapa sina mengi ya kusema. Uchaguzi wa lugha, ukishajua programu itakaa wapi, ni kazi ya mchana mmoja, na mimi niliufanya kwa miezi minne.

Mateso yenyewe yalikuwa kwenye vifaa, na hakuna aliyenionya, kwa sababu kila mtu huhisi mwenzake anavijua.

Nianze na Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, kwa sababu ndiyo iliyonichukulia zile wiki tatu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiandika Aprili 2005, ndani ya siku chache, baada ya watengenezaji wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure mfumo waliokuwa wakiutegemea. Aliitengeneza kwa watu kama yeye, na ukiwa mgeni unalihisi hilo. Yule dada aliniwekea kila kitu, akanionyesha amri tatu: kuongeza faili, kuhifadhi hatua (wenyewe tunasema kukomiti), na kusukuma kwenda seva. Nikaziandika kwenye karatasi.

Asichokijua ni kwamba kwenye kompyuta yangu amri ya kukomiti, usipoipa ujumbe papo hapo, hufungua kihariri cha Vim ili uandike maelezo. Nami Vim nilikuwa sijawahi kuiona. Skrini ikabadilika, nikabonyeza herufi zikakataa kutokea, nyingine zikafuta mstari. Nikatafuta kitufe cha kutoka, hakuna. Nikafanya alichofanya kila mtu kabla yangu: nikafunga dirisha zima. Kesho yake Vim ikanionya kwamba kuna faili la muda limeachwa kutoka jana. Nikaona ni mbwembwe, nikafunga tena.

Kisha nikasukuma kwenda seva. Git ikanijibu, kwa lugha yake, kwamba kila kitu kiko sawa na seva. Nikafurahi.

Wiki tatu nilifanya hivyo. Kila jioni nafunga Vim kwa nguvu, nasukuma, naambiwa kila kitu kiko sawa, nalala. Ukweli ni kwamba ukifunga dirisha kabla ya kuandika ujumbe, komiti haifanyiki. Hakukuwa na kipya cha kusukuma, ndiyo maana seva na kompyuta yangu zilikuwa "sawa". Nilikijua hicho siku diski ya kompyuta ilipokufa. Nikaazima kompyuta, nikafungua hifadhi yangu kwenye seva kwa utulivu wa mtu mwenye bima, nikakuta komiti moja tu: ile ya kwanza aliyoifanya yule dada.

Sikulia, lakini nilikaa kwenye kiti kile hadi giza likaingia.

Kwa hiyo, kama leo ndiyo siku yako ya kwanza na Git, kabla hujaandika mstari wowote wa kodi fanya haya. Ipangie kihariri unachokijua kwa kubadili mpangilio wa core.editor, au zoea kuandika ujumbe ndani ya amri yenyewe kwa -m. Ukijikuta ndani ya Vim kwa bahati mbaya, bonyeza Esc, andika :wq ukitaka kuhifadhi na kutoka, au :q! ukitaka kukimbia, kisha Enter. Na usiamini jibu la kusukuma peke yake. Andika git status uone kilichobaki nje, git log uone kilichoingia, halafu fungua ukurasa wa hifadhi yako kwenye kivinjari uthibitishe kwa macho. Inachukua nusu dakika. Mimi hadi leo huifanya, na wenzangu hunitania.

Kwa haki ya Git, baadaye ilinilipa. Kuna usiku nilitoa amri ya git reset --hard nikiwa kwenye tawi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya mradi) nisilolidhani, kazi ya siku nne ikatoweka mbele ya macho yangu. Nilikuwa tayari kuanza kuiandika upya ndipo nikasoma habari za git reflog, daftari ambamo Git huandika kila mahali ulipokuwa umesimama. Kwa kawaida hata hatua ambazo hazifikiwi tena na tawi lolote huachwa humo kwa siku 30. Nikaipata komiti yangu, nikairudisha, nikalala. Ila angalia: inaokoa ulichokikomiti. Mabadiliko ambayo hukuyakomiti, amri ile huyafuta bila kuuliza.

Kosa la pili ndilo lililonigharimu fedha. Nilikuwa nimekodi seva kwenye huduma moja, nikauweka ufunguo wa siri wa kuingilia akaunti yangu ndani ya faili la mipangilio, nikausukuma pamoja na kodi kwenye hifadhi iliyo wazi kwa watu wote. Nikagundua baada ya dakika kumi hivi. Nikafuta faili, nikakomiti, nikasukuma, nikajipongeza kwa wepesi. Lakini Git hushika historia. Faili lililofutwa leo bado limo katika hatua ya jana, na kuna roboti zinazozunguka usiku na mchana kusoma hifadhi za watu zikitafuta funguo za namna hiyo. Asubuhi nikakuta seva nyingi zimewashwa kwa jina langu, zote zikichapa kazi nisiyoijua. Bili ya siku hiyo moja ilizidi mapato yangu ya miezi mitatu. Niliwaandikia nikieleza ukweli wote. Wakanisamehe sehemu, nyingine nikailipa kwa awamu.

Ufunguo ukishatoka nje, hatua ya kwanza ni kuubatilisha kule ulikotolewa. Hiyo ndiyo ya kwanza kabisa, kabla ya kufuta faili, kabla ya kuomba ushauri. Kusafisha historia kunafuata baadaye, kwa utulivu. Na faili la .gitignore, ambalo wengi hulikimbilia, halifanyi lolote kwa faili ambalo Git tayari inalifuatilia. Mimi nililiongeza jina humo nikadhani nimelificha.

La tatu halikunigharimu fedha, lakini lilinigharimu heshima, nalo ndilo lililonifundisha kutumia dibaga, chombo cha kuisimamisha programu katikati ili uone inachokifanya. Nilikuwa nimemtengenezea mteja programu ya kuwakumbusha watu miadi yao. Ikafika siku akanipigia simu: watu hawakumbushwi. Mimi nikiangalia kwenye ukurasa, tarehe zote sahihi. Nikaijaza kodi mistari ya kuchapisha thamani, nadhani ilifika sitini, kila mmoja ukipiga kelele ya aina yake hadi nikashindwa kujua upi unasema nini. Siku mbili. Mteja alikuwa mpole siku ya kwanza.

Fununu ilikuja kwa mtu wa miadi ya tarehe 31 Mei, ambaye ujumbe wake ulikuwa umepangiwa tarehe 1 Julai. Nikaacha kuchapisha, nikafungua dibaga ya kivinjari ambayo ilikuwa humo siku zote, nikaweka kituo kwenye mstari unaotengeneza tarehe, nikaisimamisha programu hapo. Niliipa mwezi wa 5. Yenyewe ikashika Juni.

Katika JavaScript, ukiunda tarehe kwa kutoa namba za mwaka, mwezi na siku, miezi huanza kuhesabiwa kutoka sifuri. Januari ni 0, kwa hiyo 5 ni Juni, na kwa kuwa Juni haina tarehe 31, lugha ikasogea kimya kimya hadi Julai mosi. Kwenye ukurasa nilikuwa naonyesha maandishi aliyoyaandika mteja, siyo tarehe iliyotengenezwa, ndiyo maana yote yalionekana sahihi. Tabia hii ina ukoo wake: Brendan Eich aliitengeneza JavaScript ya kwanza ndani ya siku kumi mwezi Mei 1995 huko Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, na sehemu ya tarehe ikachukuliwa kutoka Java, ambayo nayo ilifuata desturi ya C ya kuhesabu miezi kutoka 0 hadi 11. Haraka ya watu wa 1995 ikamfikia mteja wangu. Lakini lugha ilisema wazi kwenye nyaraka zake. Mimi sikuzisoma.

Dibaga ilinichukua dakika nne. Tangu hapo nikikwama zaidi ya dakika ishirini, ninaweka kituo na kutazama thamani zenyewe zilivyo, badala ya kuendelea kukisia. Na kabla ya hapo ninasoma ujumbe wa kosa wote, neno kwa neno. Ukiwa na Python anza chini kabisa, maana mstari wa mwisho ndio unaotaja kosa, na ya juu ni njia iliyopitiwa kufika hapo. Nimewaona watu, nami nikiwemo, wakinakili ujumbe mrefu kuupeleka kwa msaidizi wa akili bandia bila kuusoma, wakati ujumbe wenyewe umetaja faili na namba ya mstari. Wasaidizi hao nawatumia kila siku, sina ubishi nao. Ila mmoja aliwahi kunishauri nipakie maktaba (kodi iliyoandikwa tayari na wengine) ambayo haipo duniani, kwa kujiamini kabisa, kwa hiyo jina lolote la maktaba hulitafuta kwanza mwenyewe.

Kuhusu maktaba, jambo moja tu. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kwenye npm, ghala la maktaba za JavaScript, kifurushi kinachoitwa left-pad, chenye mistari 11 ya kodi, kazi yake kuongeza nafasi kushoto mwa maandishi. Miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Tazama unachokitegemea, na faili linalofunga matoleo ya maktaba likomiti pamoja na kodi. Mimi nilikuwa nalifuta kila nikiliona kwa sababu lilikuwa refu.

Kuna kimoja ambacho bado kinanisumbua, nacho ni nakala rudufu za hifadhidata. Git hutunza kodi. Data ya watu haimo humo. Kwa mwaka mzima nilikuwa na programu ndogo inayonakili hifadhidata kila usiku wa manane, nikaiamini kama nilivyoiamini Git ile ya wiki tatu. Ndipo nikaanza kufanya jaribio: kila mwanzo wa mwezi nachukua nakala ya jana, nairejesha kwenye kompyuta tupu, nahesabu mistari ya jedwali kubwa. Mara ya kwanza ilikwenda vizuri, na ya pili pia. Mwezi uliopita faili lilifunguka likiwa na baiti 0. Diski ya seva ilikuwa imejaa siku tisa kabla, na ile programu ya kunakili iliendelea kila usiku kuandika kwenye kumbukumbu zake kwamba imemaliza kazi.